Mgeni Mwenye Kiingereza Safi

Katikati ya miaka ya 2010 nilifundisha Kiingereza cha kuanzia katika shule moja ya bweni pale Nyamwamba, Kasese, na niseme mapema kwamba nilijiona sana. Nilikuwa na mashati mawili, yote meupe, na darasa la tatu lenye watoto waliokuwa hawajui hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Nilinyoosha fimbo kwenye dirisha, wao wakaitika kwa sauti moja, "This is a window." Nikanyoosha kwenye mlango, wakaitika. Ikifika saa nne asubuhi koo limenikauka na kichwa kimevimba kwa raha.

Sheria iliyofuatwa kwa moyo pale ilikuwa moja tu. Ndani ya uzio hakuna Lhukonzo, hakuna Luganda, hakuna Kiswahili. Aliyeteleza alivishwa kibao cha mti chenye kamba, akakaa nacho shingoni mpaka amnase mwenzake anateleza, ndipo amvishe yeye. Aliyekutwa nacho jioni alichapwa. Kwa hiyo watoto waliviziana kutwa nzima. Mimi mwenyewe nilikivaa nilipokuwa mdogo kule Karusandara, nikakichukia, kisha nilipopata ualimu nikakitundika kwenye msumari ukutani bila aibu. Aibu imekuja siku hizi.

Muhula wa pili aliletwa binti wa miaka tisa. Mama yake aliuza vitenge Bwera, mwendo mfupi tu kutoka mpakani, na mwenyewe asili yake ni ng'ambo, Congo. Alinivuta kando kwenye tangi la maji, akaongea chinichini.

"Mwalimu, miye na baba yake tuliachana. Ndugu zake kule Congo banasema mutoto ni wao, juu balilipa mahari. Banataka kumuchukua. Akijua Kingereza atakuwa mutu ya huku, habatamuweza. Lakini mutu yoyote asimutoe hapa. Ni miye peke yangu."

"Usiwe na wasiwasi, mama," nilimjibu. "Huyu yuko mikononi mwangu."

Nilisema kwa mdomo mwepesi, kama mtu anayeagiza chai. Sikuandika popote, wala sikumwambia mkuu wa shule. Kichwani nilikwisha kumchora huyo wa kuogopwa: mwanaume kutoka ng'ambo, Kiswahili chake cha mpakani kikichanganyika na Kifaransa, viatu vina vumbi. Nilikuwa na hakika akifika getini tu nitamjua.

Binti alikuwa mwepesi wa kushika, ila kila alipofurahi Kiswahili kilimponyoka, kwa hiyo wiki za kwanza kibao kilikuwa kama chake. Kisha akajifunza kutofurahi. Kufikia mwezi wake wa pili pale alisema sentensi nilizomfundisha na si neno zaidi, na kama hakuna sentensi ya jambo lake, alinyamaza. Nilimsifu mbele ya wenzake. Pikipiki ikisimama getini, yeye alizunguka nyuma ya darasa na kukaa huko mpaka iondoke. Niliona. Nikasema ni haya za mtoto mgeni, zitaisha.

Wiki moja ya mvua, mlinzi aliniambia kwamba gari jeupe limesimama ng'ambo ya barabara mara mbili, injini inanguruma, hakuna anayeshuka. Nilimjibu kuwa barabara ni ya watu wote. Alinitazama, akarudi kwenye kiti chake.

Alhamisi ya wiki hiyohiyo, milima imefunikwa tangu alfajiri na joto limekaa juu ya mabati, niliitwa ofisini. Mkuu wa shule alikuwa anacheka, jambo ambalo sikulizoea. Mbele yake alikaa mwanaume wa makamo, suti ya kijivu, viatu vinang'aa, na alipofungua mdomo nilitamani wanafunzi wangu wote wangekuwepo wamsikie. Sijawahi kusikia Kiingereza kama kile Kasese. Kilikuwa kimepigwa pasi. Aliniamkia, akaniomba radhi kwa kunikatizia kipindi, akasema ni jirani wa yule mama wa Bwera, kwamba mama ameanguka sokoni, yuko hospitalini, na anamtaka mwanawe.

Nilikumbuka ahadi yangu. Nasema hivyo si kujitetea, maana aliyekumbuka ana kosa kubwa kuliko aliyesahau. Nilitoka nje nikapiga simu ya mama. Haikupatikana, lakini simu za Bwera ndivyo zilivyo, zinavutwa na mtandao wa ng'ambo na kupotea saa nzima. Nikarudi ndani. Mkuu alikuwa amekwisha kumtilia mgeni chai, na barua yangu ya kuajiriwa moja kwa moja ilikuwa bado haijatiwa sahihi. Tena nilijiambia: waliotajwa ni watu wa Congo. Mtu wa Congo atapata wapi Kiingereza hiki? Kwetu sisi, mwenye Kiingereza namna hiyo humwombi kitambulisho.

Nikaenda kumleta binti. Siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa na kibao. Nilimvua mlangoni ili mgeni asikione.

Alipomwona yule mwanaume alisimama palepale. Mwili haukutikisika, ila mkono wake ulishika suruali yangu. Nilimuuliza kwa Kiingereza, polepole na kwa matamshi mazuri, maana mkuu alikuwa anasikiliza, kama anamjua mtu huyu.

"Yes, teacher. I know him."

Mkuu aliitikia kwa kichwa, amefurahi. Mgeni akatabasamu. Kisha binti akainua uso kwangu, akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, huyu..."

"English," nikamwambia.

Alinitazama. Nilimwona anatafuta ndani ya kichwa chake, midomo inacheza, anapita kwenye vikombe, madirisha, viatu na milango niliyompa kwa miezi miwili. Hakukuwa na kitu humo cha kumfaa. Mkono ukaachia suruali yangu.

Waliondoka wakipita getini, yeye mbele, mwanaume nyuma yake. Gari lilikuwa jeupe. Nilipoliona nilipaza sauti, nikakimbia mpaka barabarani, nalo likashika njia ya Bwera, kisha likaonekana dogo, kisha halikuonekana.

Tulitoa taarifa polisi. Mama alipatikana kwa simu saa kumi jioni, mzima, yuko kwenye vitenge vyake. Alifika kesho yake asubuhi, baada ya kukesha mpakani akiuliza kila mtu. Hakunitukana. Nilitaka anitukane. Alikaa kwenye ngazi ya ofisi akanitaka nimweleze mtu alivyokuwa, nikamweleza.

"Ni kaka mukubwa ya baba yake," alisema. "Alisomea Kampala."

Akaniuliza, "Mutoto alisema nini?"

Nilimtafsiria. Kwamba alisema ndiyo, anamjua.

"Ile ni Kingereza. Kwa Kiswahili je, hakusema kitu?"

"Alianza, mama. Nilimkataza."

Watoto walikuwa darasani, na mwalimu mwingine alikuwa ameshika kipindi changu, nao waliitikia kwa sauti moja kama kila siku. Mama alisikiliza. Halafu akaniuliza, akiwa ameinamisha uso, kama binti yake alikisema vizuri hicho Kiingereza.

Nilimwambia kweli. Alikisema vizuri sana. Hakukosea hata neno moja.