Mwasumini Ulivyofunika Neno «Si»

Siku ya kwanza ya kazi yangu ya kuandika vibao vya serikali, Fundi Mkuu wetu hapa Amu, yaani Lamu, hakunipa brashi. Alinipa uzi na kipande cha chaki. "Leo utapiga uzi tu," akasema. Kupiga uzi ni kuupaka chaki, kuukaza ukutani, kisha kuuvuta na kuuachia uache mstari ulionyooka, ambao herufi zitaukalia. Nilipiga uzi hadi adhuhuri. Baada ya sala akaniruhusu kuandika kwa rangi ya mafuta, mikono miwili: unapaka, unangoja ikauke, unapaka tena. Maneno yalikuwa USITUPE TAKA HAPA.

Ukuta ule ulikuwa karibu na gati. Haukupita muda, wauza boriti wakaegemeza mzigo wao upande wa kushoto, USI ikafichika. Kilichobaki kikasomeka TUPE TAKA HAPA, na watu wa Amu ni wakarimu. Bwana Afya, ndivyo tulivyomwita ofisa wa afya, alikuta lundo, na bibi mmoja akimwaga kapu la magamba ya samaki.

"Bi, hukuona maandishi?"

"Nimeyaona, mwanangu. Mumeomba taka, nimewaletea."

Bwana Afya akaamuru boriti zihamishwe. Hakucheka, nami sikuthubutu.

Baadaye nilipelekwa kisiwa cha Pate, kuandika vibao vya shule na zahanati. Katika zahanati moja niliandika KLINIKI YA WAJAWAZITO. Mtu akatundika turubai la kuzuia jua, likafunika WAJA. Asubuhi moja mzee mnene kutoka Chundwa akaketi foleni katikati ya wanawake. Muuguzi Mkuu akamuuliza kama amemleta mkewe.

"Nimekuya mwenyewe. Si mumeandika kliniki ya wazito? Uzito ndio huu."

Wanawake wakacheka hadi wakashika matumbo. Muuguzi Mkuu alicheka pia, lakini alimpima, akakuta presha iko juu mno. Mzee akaanza dawa siku hiyo.

Miaka yangu ya mwisho nilirudishwa Amu chini ya Mhandisi, mtu wa maneno machache. Jioni nilifanya kazi za watu binafsi. Bi Rukia, aliyeishi peke yake katika nyumba ya marehemu mama yake, alichoshwa na madalali waliowatafutia wageni nyumba za kale. Nikamwandikia kando ya mlango: NYUMBA HII SI YA KUUZWA. Mwasumini wa pale mlangoni ukatambaa, ukafunika neno SI. Jirani akapiga picha, akamtumia kaka yake Bi Rukia, Bwana Athmani, aliyekuwa Mombasa.

Nilikuwa nikipaka kibao cha chuo cha Kurani kilicho karibu, Bwana Athmani alipofika, mkoba ungali begani.

"Rukia! Wauza nyumba ya mama nami ni hai?"

"Nani kakwambia?"

"Ukuta wako wanena! Nimekuya ndia yote hii, nimeusoma kwa mato yangu."

Bi Rukia akatoka, akatazama ukuta, kisha akaliinua tawi la mwasumini. Bwana Athmani akasoma upya, midomo ikicheza bila sauti. Akaketi barazani.

"Miaka yote hii hukutia mguu hapa," Bi Rukia akasema. "Neno moya limekuleta."

"Nalidhani hamnihesabu tena mtu wa nyumba hii."

Bi Rukia akaliachia tawi. "Ingia ndani. Chai yapoa."

Walipotoka nilikuwa nimeshika mkasi, tayari kupunguza matawi. Bi Rukia akanizuia. Mwasumini ule aliupanda mama yao.

"Basi andika upande wa pili, Fundi," Bwana Athmani akasema. "Uandike HAIUZWI, neno moya, lisipate kukatika." Nikaandika.

Sasa nimestaafu. Mabango huchapwa kwa mashine, na upepo ukiyakunja watu husoma nusu vilevile. Nimeona kwamba msomaji haachi pengo wazi. Hulijaza kwa kile alichokuwa akikitamani, au akikiogopa.

Bi Rukia amefariki. Bwana Athmani alihamia katika nyumba ile tangu dada yake alipoanza kuugua. Matanga hayajaisha, dalali akaja kumpa pole, na kwa sauti ya chini akauliza bei. Bwana Athmani alimshika mkono, akamtoa nje taratibu, akamsimamisha mbele ya ukuta, upande wa HAIUZWI.