Ndugu yangu wa ziwa moja alikataa sanda ya dukani kwangu

Wakuu wa jukwaa, amani iwe kwenu. Mimi ni mtu mzima sana, vidole vinatetemeka, mtanivumilia kwenye uandishi. Haya yalinikuta mwenyewe, sitii chumvi.

Mwishoni mwa miaka ya hamsini nilikuwa na kiduka Mkunazini, hapa Unguja mjini. Nikiuza vitu vya maziko: bafta ya sanda, pamba, karafuu maiti, marashi na udi.

Nyumba ya pili kutoka dukani alikaa Bi Mwanakhamisi. Mama yangu alipougua baada ya kunizaa, huyu bibi ndiye aliyeninyonyesha pamoja na mwanawe Haji. Kwa hiyo Haji ni ndugu yangu, hata sheria ya dini inasema hivyo.

Basi zikaja siasa.

Vijana hamkuyaona yale. Watu waligawana maduka, wakagawana mpaka harusi. Mimi sikuwa na kadi ya chama chochote, lakini kaka yangu alipandisha bendera ya chama nyumbani kwake, ikatosha nami kuhesabiwa wa chama chake. Haji, aliyekuwa chama cha upande wa pili, akaacha kunisalimu. Nikasema yatapita.

Asubuhi moja nshafungua duka, namwona Haji anakuja mbio. Akafika mlangoni, akaniangalia, akageuka akaenda zake.

Nikamuuliza jirani, "Ana nini huyu?"

"Hujasikia? Mamake kafariki alfajiri."

Wakuu, nilikaa chini pale pale sakafuni. Mama aliyeninyonyesha kafa, na mwanawe kaona bora akahangaike na sanda maduka ya Darajani kuliko kuipokea mkononi mwangu!

Nikakata bafta, nikaikunja na pamba na karafuu maiti, nikafunga duka. Nilipofika kwao, Haji kesharudi mikono mitupu, maduka mengine hayajafunguliwa.

"Nani kakwita?"

"Nimekuja kwa mama."

"Rudi nayo. Vitu vya kwenu haviingii humu."

Waliokaa barazani waliinamisha vichwa. Hilo nalo lilinipiga, maana wengi wao walikuwa wateja wangu.

Bi Time, mdogo wake marehemu, akatokeza mlangoni.

"Haji! Mamako yuko kitandani anangoja kukoshwa, wewe unauliza vyama? Lete, mwanangu." Akanipokea furushi.

Tukaenda kuzika Bububu. Nilisimama nyuma kabisa. Kumshusha mwanamke kaburini wanatakiwa maharimu zake, yaani wanaume wasioweza kumwoa, na mwana wa kunyonya naye yumo; wa kumzaa alikuwa Haji peke yake. Mjomba wake Haji miguu haimchukui.

Haji yumo ndani ya kaburi, akainua macho akatafuta katika watu.

"Suleiman. Shuka."

Nikashuka. Tukampokea mama yetu, bega kwa bega.

Hakuniomba radhi hata siku moja. Lakini siku ya khitma alikuja dukani mchana kweupe, wenzake wa chama wakimtazama, akanunua udi.

Nilichojifunza ni hiki: mtu anaingia dukani kwa haja yake. Basi mpe haja yake. Duka langu halikuwekwa bendera mpaka naliacha, na aliyeninunia nilimpimia sawa na aliyenichekea.

Ila sikufichieni, ule mgongo wa Haji akiondoka mlangoni unanishtua mpaka leo.

Nyinyi wenye maduka, ingekuwa nyinyi mngeipeleka ile sanda, au mngengoja aifuate mwenyewe? Semeni, msinionee haya.