Waya Moja, Nyumba Mbili

Hapa Lubumbashi, kwenye soko la mtaa wa Kenya, nimenusa simu kuukuu nyeusi iliyopata joto la jua, nikarudi kwa mawazo katika nyumba tuliyohamia wakati Katanga ilipojitenga na Kongo.

Simu ya peke yetu ilitushinda bei. Jirani, fundi cherehani wa Maniema, akamwambia baba, "Tugawane waya yangu, tulipe nusu-nusu." Wakaipitisha juu ya ua, kila nyumba na simu yake kwenye waya ileile.

Treni za Kambove zilikuwa zimesimama kwa ajili ya vita, na mama hakujua kama dada yake aliyeishi huko yuko hai. Alishika simu kwa mikono miwili. Sauti ya dada yake mkubwa ilipotokea, aliuliza tu, "Yaya, mulikula?"

Kisha akaniwekea simu sikioni. Mama mkubwa alikuwa akilia, na mke wa jirani, aliyeinua simu ya kwao, alikuwa akimbembeleza.