Aliyeijaza Laini ya Bwera

Bosi wetu wa Kasese, katika chama cha wakulima wa kahawa, aliamini kwamba kitu kisicholia hakifanyi kazi. Nilipoweka programu ya kuchunga mtandao wa ofisi zetu, aliniamuru nitege kengele kila kona. Nikamweleza kwamba kengele huwekewa mambo machache yenye maana.

"Wewe weka," akasema.

Nikaweka. Jumapili simu yake ikapiga kelele kanisani, katikati ya mahubiri, kumjulisha kuwa printa ya ofisi ya Maliba imeishiwa karatasi. Mchungaji akamtazama kama mtu aliyeingia na mbuzi. Kesho yake nikaruhusiwa kuzizima zote, isipokuwa moja: laini ya intaneti ya ofisi yetu ya Bwera ikijaa kupita kiasi, bosi apate ujumbe.

Hiyo nayo ikawa inalia kila siku baada ya chakula cha mchana.

"Wanatazama filamu wale," bosi akasema. "Nenda ukawakamate."

Keshia wa Bwera, mama wa makamo asiyemwogopa mtu, alinipokea bila hata kunikaribisha.

"Eti tuko naangalia filme? Filme gani? Hata mesaji ya kusalimia mukwe wangu inakatala kuenda! Ikala hapa, ujionee weye mwenyewe."

Nikachomeka kompyuta yangu kwenye swichi, kile kisanduku kinachounganisha nyaya za mtandao, nikaipanga ipate nakala ya kila kinachopita, nikaanza kunasa pakiti, yaani vifurushi vya data. Ni kazi ya askari wa kizuizi cha barabarani: hufungui mizigo, unaandika tu gari limetoka wapi, linakwenda wapi, na limebeba uzito gani. Mchana ulipofika laini ikafurika. Kompyuta ya keshia ilikuwa imezimwa. Mzigo wote ulitoka kwenye kifaa kimoja, nami nikaifuata anwani yake mpaka ukutani, juu ya kabati: kamera ambayo bosi aliifunga ili awachunge wafanyakazi. Nywila yake alikuwa nayo yeye peke yake.

Basi kila mchana bosi akishashiba, alifungua kamera kwenye simu yake kule Kasese. Picha ikajaza laini, ujumbe ukamfikia, naye kwa hasira akaendelea kukodoa macho amwone mhalifu.

Keshia alicheka mpaka akashika meza. "Kumbe filme ni sisi!"

Nikampigia bosi. Nikamweleza nilichokikuta.

"Unataka kusema kamera yangu ni mbovu?"

"Ni nzima, mzee. Picha ndiyo kubwa mno."

"Ipunguze basi. Na hiyo kengele, iondoe kwenye simu yangu, uiweke kwenye yako."

Niliipunguza picha mpaka watu wakafanana na magunia. Saa ileile simu ikaita tena: bosi alitaka kujua nani amelala mlangoni. Nikamwambia ni gunia la kahawa ya Bwesumbu, halijapakiwa.

Keshia, kwa upande wake, alishatuma salamu kwa mkwe. Akavuta kiti mbele ya kamera, akafunua sahani ya bundu, ugali wa muhogo, na sombe, mboga ya majani yake, akala taratibu, macho kwenye lenzi, kama mwigizaji anayelipwa.