Maandalizi ya Kuhamia Nizwa

Nilipoambiwa nihamie Nizwa kwenda kusomesha skuli nyengine, talaka yangu ilikuwa haijatimiza mwaka. Aliyeniacha alikuwa mtoto wa ami yangu, kwa hivyo talaka haikumtoa nyumbani kwetu Sur, huku Oman. Aliendelea kuja kila Ijumaa. Alimwamkia baba yangu shikamoo, akala naye, na mimi nikakaa upande wa pili wa ukumbi nimejitanda, kama mgeni.

Hatukuachana kwa ugomvi. Tulikaa miaka bila ya mtoto, mama yake akataka aoe mke wa pili, mimi nikasema sitaweza kuishi hivyo. Alinipa talaka kwa sauti ya chini, tumekaa kitandani, kisha tukalia sote wawili.

Baba aliniuliza nani atanipeleka Nizwa.

"Nitaendesha mwenyewe," nilisema. "Gari nitalihitaji huko."

Hakubishana nami. Alimpigia simu mtoto wa ndugu yake, yule yule aliyeniacha.

Alikuja baada ya alasiri, na kisanduku cha vifaa na betri mpya. Alijaza upepo matairi, akabadilisha waipa za kioo zilizokauka kwa jua la kiangazi, akaangalia maji ya rejeta na taa zote. Nilimtazama kutoka dirisha la jikoni. Alipomaliza akanawa mikono, akaja kukaa na baba kupanga safari. Mimi nilikuwapo pale pale, lakini hakusema na mimi.

"Ami, mwambie asitoke mapema. Asubuhi za baridi kuna ukungu mpaka Bidiya, na ngamia wanalala barabarani."

"Umesikia?" baba aliniuliza.

"Nimesikia."

"Apumzike Ibra, ajaze petroli, kisha ashike njia ya Mudhaibi. Na kama milimani kuna mawingu, asivuke wadi, mabonde yale hujaa maji ghafla. Hata akiwaona wengine wanavuka."

"Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

 Baba alikuwa akiuzungusha uzi wa tasbihi yake kidoleni. Kisha yule mtoto wa ami akasema, "Naweza kumfuata na gari langu mpaka Ibra, nirudi zangu."

Baba alinitazama. Nilijua anataka nikubali.

"Mwambie asimwache mkewe peke yake," nilisema. "Ana mimba."

Hapo akanigeukia mwenyewe. "Kweli," alisema. Ndilo neno pekee aliloniambia siku ile. Akamaliza kahawa yake, akaaga.

Nilitoka Sur jua likiwa limekwishapanda. Nyuma nilikuwa na magodoro, masufuria, vitabu vyangu na mablanketi ya marehemu mama. Baba alisimama mlangoni kajifunga shali, mpaka nikakata kona. Njia ilikuwa njema. Ibra nilijaza petroli, nikasali, nikala mkate garini.

Nilipokaribia Mudhaibi mvua ikaanza. Ilikuwa nyembamba, ya kulowesha kioo tu, lakini mbele magari yalikuwa yamepanga mstari. Wadi ilikuwa imeshuka na mafuriko ya milimani. Maji ya rangi ya udongo yalipita juu ya barabara yakiburura matawi ya mitende, na watu walikuwa nje wakipiga picha kwa simu zao. Nilizima gari. Nilipokuwa Sur nilikuwa na wa kuwapikia na wa kuwaficha uso wangu. Pale sikuwa na mtu, nikalia mpaka shela yangu ikarowa.

Baba akapiga simu. "Uko wapi?"

"Nimesimama. Wadi inapita."

Nilisikia sauti nyengine nyuma yake, naye baba akaniambia, "Anasema usubiri mpaka uione lami."

"Mwambie nasubiri."

Maji yalipungua alasiri. Gari la mbele yangu lilivuka polepole, nami nikalifuata.

Nizwa nilifika magharibi. Nyumba ilikuwa na baridi ya kuta zilizokaa bila ya mtu, na umeme ulifanya kazi chumba kimoja tu. Jirani, mama mtu mzima, alinibishia hodi na bakuli la harisi ya moto, ngano iliyopondwa na nyama. Aliniuliza kama niko na mume wangu. Nikamjibu kwa Kiarabu kwamba niko peke yangu. Alinishika mkono, akarudi kwake. Niliila ile harisi nimesimama jikoni, nimevaa koti, kwa sababu vitu vyote vilikuwa bado garini.