Hatua Mbili za Kumhamisha Mtu

Programu ya orodha ya zamu ya hoteli moja huku Diani niliiandika mimi. Kumhamisha mfanyakazi kulikuwa na hatua mbili: kumfuta idara ya zamani, kisha kumwandika idara mpya. Meneja alichukia kuona ujumbe mwekundu wa hitilafu kwenye kompyuta yake, nami, kwa kuchoka kubishana, nikaiamuru programu inyamaze ikikwama.

Masika, wageni walipopungua, mama mmoja aliyekuwa akifua mashuka alihamishiwa jikoni. Umeme ukakatika katikati. Idara ya kufua amefutwa, jikoni hakuandikwa, na programu ikanyamaza kama nilivyoifunza. Asubuhi alisoma orodha ukutani, hakuliona jina lake, akakusanya vitu vyake akarudi kwake Kombani.

Niligundua baada ya wiki mbili. Nikazifunga hatua zile pamoja: zitimie zote, au hifadhidata irudi ilivyokuwa. Kazi ya dakika kumi, na nilikuwa nimeiahirisha mwaka mzima.

Nikampigia simu. "Shikamoo mama. Hukufukuzwa, ni kompyuta iliyokosea. Mbona hukuuliza?"

"Marahaba, mwanangu. Kwani mkitufukuza huwa mnatuambia?"