Kamba za Mama Msituni

Masika mama alikuwa akinichosha. Tunatoka nyumbani Ruponda, tunaingia porini, na hachimbi kitu! Anatazama tu majani ya ming'oko, vile viazi vyetu vya msituni, halafu anafunga kamba ya gome kwenye tawi juu ya kila shina. Basi, twende zetu. Sikumuuliza sababu, maana nilikuwa darasa la tatu na nilijiona nimeshaelimika.

Mwaka huo mwalimu wetu, mtu wa mbali, alitutaka tulete majani ya aina nyingi, yamefungwa vizuri. Nikakimbilia pori la mama. Majani tele, na kamba hizo hapo zinaning'inia! Nilizifungua zote. Fungu langu likatundikwa ukutani, nikavimba kichwa wiki nzima. Mwalimu aliuliza jani lina umbo gani, kingo zake zikoje. Limetoka wapi, hakuuliza.

Kiangazi kikaja na njaa. Matrekta ya mashamba makubwa ya karanga ya wakoloni yalikwisha kung'oa pori la upande wa Nachingwea, tukabaki na lile letu. Moto wa nyasi ukapita humo. Majani hakuna, mashina hakuna. Mama akasimama anatazama juu, tawi hadi tawi. "Jamani, kamba zangu!" Ming'oko ina ndugu yake mwenye sumu, na bila jani wala alama hata mama hakuwa na hakika. Nikainama, nikajifanya natafuta shina kwenye majivu.

Akachimba kwa kubahatisha. Alipopika, alitukalisha mimi na wadogo zangu wawili, akala vipande vitatu peke yake. "Ninyi ngojeni mpaka jua lishuke kwenye ule mkorosho." Wadogo walilia njaa. Mimi nilikuwa nautazama mdomo wake, mikono yake. Akikohoa tu, nainuka. Nikashindwa. "Mama, kamba nilizifungua mimi. Nilifungia majani ya shule."

Alinigeukia. "Si ungeniomba, mwanangu? Ningekusokotea nyingine."

Hakunipiga, na haki ya Mungu, nilitamani anipige. Jua liliposhuka kwenye mkorosho, alisimama, akajinyoosha, akatusogezea sahani.

Baadaye nami nikawa mwalimu. Mtoto akiniletea jani, umbo lake siliulizi kwanza. Namuuliza: "Umelitoa wapi, na nani analitegemea pale?"